Musyoka Afika Maonyeshoni

Alhamisi hiyo Kalunde aliamka kabla ya wengine, akawasha makaa ya pasi nyuma ya jikoni, mahali ambapo upepo wa milima ya Kilungu haufiki. Kulikuwa na rinda la kijani la Kalondu lenye kola nyeupe. Kulikuwa na kitambaa cha kichwa cha akina mama wa kanisa, ambacho hakitaki moto mwingi. Kulikuwa na suruali nyeusi ya Pasta Kiema, ambaye pasi yake ilivunjika kishikio tangu Pasaka na hajapata wa kumtengenezea. Mwisho kabisa kulikuwa na rinda la bluu la Kalunde mwenyewe. Hilo alilipiga pasi polepole, akaanza na mikono, akamaliza na mshipi, kisha akalikunja na kulirudisha kwenye sanduku la bati.

Watu walikuwa wanaenda Nairobi kuona kazi za Ndinda. Ndinda alikuwa anamaliza chuo kikuu, na huko chuo kikuu alikuwa amesomea kuchonga. Mwanzoni watu wa Kilungu hawakuelewa. Walijua mtu huenda chuo kikuu kusomea udaktari, au ualimu, au sheria kama ni mtu wa maneno. Kuchonga hufundishwa na mjomba, nyuma ya nyumba. Lakini Pasta Kiema alitangaza kanisani kwamba wanafunzi wa sanaa wakimaliza masomo hupanga kazi zao kwenye ukumbi mkubwa, na wazazi hualikwa kuja kuziona, na chai hutolewa. Baada ya kusikia habari ya chai, watu walielewa.

"Wewe utabaki na mbuzi," Kalondu alimwambia Kalunde. Alikuwa anavaa rinda la kijani likiwa bado na joto la pasi.

"Mbuzi wanaweza kufungwa."

"Na nikirudi jioni na wageni, watakula kamba?"

Kalunde alipuliza majivu kwenye matundu ya pasi. "Ndinda alisema njooni. Hakusema fulani abaki."

"Hakusema pia fulani aje."

Hilo lilikuwa kweli. Kalunde alichukua kitambaa cha kichwa, akamfunga Kalondu, akakaza fundo nyuma ya shingo kama alivyomfunga kila Jumapili.

Mambo ya nyumba hiyo yalikuwa hivi. Kalondu aliolewa na Mbuvi, na hawakujaliwa mtoto. Mbuvi alipofariki, shemeji zake walianza kupima shamba kwa macho kila wakipita. Basi Kalondu akafanya kama desturi ya Wakamba inavyomruhusu mwanamke wa namna yake. Alipeleka mbuzi na pombe kwa baba yake Kalunde, kule Mbumbuni, akamwoa Kalunde awe mke wa mwanawe Musyoka. Musyoka hakuwa amezaliwa, na hata baadaye hakuzaliwa. Hilo halikuwa na neno. Mke kama huyo huitwa iweto. Anaolewa kwa jina la kijana ambaye nyumba ilimkosa, na watoto anaowazaa wanakuwa wa jina hilo, na shamba linabaki kwa mwenyewe. Hakuna aliyedanganywa. Baba yake Kalunde aliuliza mkwe wake ana urefu gani, Kalondu akasema ni mrefu wa kuinama mlangoni, wakacheka, wakanywa.

Kalunde akamzaa Ndinda. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyepita, kwa sababu desturi hiyo haiulizi. Mtoto alikuwa wa Musyoka. Kalondu na Kalunde walikaa nyumba moja, wakalima matuta yale yale, wakasukana nywele mlangoni jua likipungua. Ndinda alimwita Kalondu susu, yaani nyanya, na alimwita Kalunde mwaitu, yaani mama.

Ndinda alipokaribia kuanza shule, Kalondu aliokoka. Aliokoka kweli, si mchezo. Aliacha ugoro, aliacha kuapa, akasamehe hata wale shemeji. Lakini kanisa halikuweza kumbatiza mwanamke mwenye mke. Pasta wa wakati huo, ambaye hakuwa Kiema, alimwambia aende kwanza akatengeneze nyumba yake. Kumrudisha Kalunde Mbumbuni kulikuwa kugumu, maana nani angechota maji, na mtoto angekuwa wa nani? Basi Kalondu akaitengeneza nyumba kwa maneno. Kalunde alihamia jikoni, kile kibanda cha udongo ng'ambo ya uwanja, akawa msichana wa kazi. Musyoka akawa mtu mwenye kazi Mombasa, kwenye maghala. Mama yake Ndinda akawa alikufa akimzaa. Ndinda akafundishwa kumwita Kalunde kwa jina. Hakusumbua kufundishwa, alikuwa mtoto mwerevu.

Wazee waliokunywa ile pombe walijua. Lakini maneno yakisemwa kila Jumapili huota mizizi, na baada ya miaka hata hao wazee walikuwa wakimuuliza Kalondu kama Musyoka amepewa likizo. Hajapewa, alijibu. Na kwa sababu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kanisa lote lilimwita Kalondu Mama Musyoka, na ndilo jina alilochaguliwa nalo kuwa mwenyekiti wa akina mama. Kalunde alipita umri wa miaka arobaini bado anaitwa Kalunde tu, kama msichana ambaye bado hajajaliwa.

Pasta Kiema alitoka Kabati, upande wa Kitui, alipohamishiwa Kilungu, na alikuta mambo yamekwisha kupangwa. Bilha naye alikuta yamepangwa. Yeye na mumewe Mbugua walitoka Limuru kuja kufungua duka kwenye barabara ya Mombasa, na pikapu yao ndiyo iliyowabeba wageni siku hiyo. Kalondu na Bilha walikaa mbele na Mbugua. Pasta alikaa nyuma juu ya gunia la maparachichi, amekunja miguu ya suruali ili vumbi lisiharibu kazi ya Kalunde.

Huko ukumbini, Ndinda alikuwa amefika mapema akiwa na shuka la kitanda.

Kona yake ilikuwa karibu na dirisha. Kazi yake iliitwa "Nyumbani", na ilikuwa ya watu watatu wenye kimo cha watu, waliochongwa kwa mti wa mukau. Wa kwanza alikuwa nyanya aliyekaa kwenye kigoda. Wa pili alikuwa mwanamume aliyesimama. Wa tatu alikuwa mwanamke aliyeinama juu ya mafiga, amejaza mashavu, anapuliza moto. Ndinda alimfunika huyo wa tatu kwa shuka, akachomeka pembe zote chini.

Mwalimu wake, mzee Kang'ethe, alisimama akimtazama, mikono nyuma.

"Mbona umeifunika ile nzuri?"

"Rangi haijakauka, mwalimu."

"Mti mtupu una rangi gani?"

Ndinda akajifanya anaokota vumbi la mbao.

Kang'ethe alikuwa ameshika patasi tangu ujana wake, na maoni yake kuhusu kazi hiyo aliyatoa mapema. Nyanya alikuwa mzuri. Mwanamke wa mafiga alikuwa na kila kitu, mpaka nyufa za visigino. Yule mwanamume ndiye alikuwa tabu. Hakuwa na uso. Ndinda alimchonga pua mara nyingi, na macho, na mdomo, lakini kila asubuhi akifika alikuta uso umerudi laini kama yai na vipande vya pua viko sakafuni. Kang'ethe alimshauri abadilishe mti. Ndinda alibadilisha mti, na huo wa pili ukafanya vilevile. Basi wakaacha.

Wageni walifika wakati jua lilipoanza kuingia kwenye madirisha. Walipita kazi za wengine kwanza, kwa adabu. Bilha alisimama mbele ya rundo la matairi ya baiskeli yaliyopakwa chokaa, akauliza kama mwenyewe atakuja kuyachukua. Pasta Kiema aliinua Biblia upande wa shavu alipopita picha ya mwanamke asiye na nguo, lakini kwa kuwa ni mtu wa heshima alimwamkia. Kalondu hakutazama popote. Alikuwa anamtafuta mjukuu wake.

"Bwana asifiwe," Ndinda alisema.

"Amina."

Kalondu aliizunguka ile sanamu ya nyanya, akaigusa goti, akainama kuangalia vidole vya miguu. "Umenipa shingo ndefu."

"Ni yako, susu."

"Ilikuwa yangu," Kalondu alisema, akafurahi.

"Na hapa chini ya shuka?" Bilha aliuliza.

"Haijakauka."

Pasta alikuwa mbele ya yule mwanamume, kichwa upande. "Na huyu bwana, ambaye hana sura?"

"Ni baba," Ndinda alisema.

Mlango wa ukumbi ulikuwa mrefu, lakini mtu aliyeingia aliinama hata hivyo. Alikuwa amevaa koti la kahawia na kushika kofia mkononi. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye kona ya dirisha, viatu vyake havina mkunjo hata mmoja, soli safi kama za dukani.

"Mnisamehe kuchelewa," alisema. "Sikupewa ruhusa mapema."

Alikuwa na masikio ya marehemu Mbuvi. Meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya kama wa Kalondu. Kalondu alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu, kama mtu anayehakikisha mzigo umefika mzima.

"Umekuja, Musyoka."

"Nimekuja, mwaitu."

Alilitamka neno hilo vizuri, kwa wepesi. Ndinda alitazama dirisha.

Pasta Kiema alimpa mkono. Baadaye alimwambia Mbugua kwamba kiganja cha Musyoka hakikuwa na mistari, kilikuwa kama sahani, lakini watu wa Mombasa hutumia mafuta mengi. "Tumekuombea sana likizo, ndugu. Huko kazini ni salama?"

"Nina kazi kwenye maghala."

"Maghala ya nini?"

Musyoka akangoja. Hakuwa amekasirika wala kufikiria. Alingoja tu, uso umegeuzwa kwa mama yake kama mtoto anayengoja kufungwa kamba za viatu.

"Ya korosho," Kalondu alisema.

"Ya korosho," Musyoka alisema, na koti lake likaanza kunukia korosho zilizokaangwa. Bilha alivuta pumzi, akasema ni harufu nzuri, na kwamba dukani kwake korosho hazikai.

Ndinda ndiye aliyeelewa upesi, maana alikuwa mwerevu tangu utotoni. Baba yake alikuwa ameumbwa na yale yaliyosemwa, na palipoishia maneno ndipo alipoishia yeye. Musyoka alijua kwamba hapewi likizo. Alijua anapenda muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, wenye majani ya maboga, kwa kuwa Kalondu alimwambia pasta hivyo mwaka mmoja wakati wa mavuno. Hakujua mengine. Lakini akiambiwa, anakuwa.

"Kitu kinachoniuma," Bilha alisema, "ni mtoto kusoma mpaka hapa na mama yake hayupo kuona."

"Tumkumbuke," Pasta Kiema alisema. "Tuombe."

Wakainamisha vichwa. Musyoka naye akainamisha, na kwenye mkono wa koti lake kukawa na utepe mweusi wa mfiwa. Pasta aliomba vizuri. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya mama aliyetoa uhai wake ili mtoto aishi, akataja malaika, akataja taji. Ndinda alifumba macho. Katikati ya maombi alisikia harufu ya kuni za mkungugu, zile zinazookotwa nyuma ya nyumba yao, na alipofumbua jicho moja aliona moshi mwembamba unatoka chini ya shuka.

"Amina," wakasema. Bilha akakohoa. "Kuna mtu anapika huku?"

"Shuka litashika moto," Kang'ethe alisema, akalivuta kabla Ndinda hajamfikia.

Mwanamke wa mti alikuwa anapuliza. Mashavu yalijaa na kupungua. Mafiga yalikuwa ya mti na kuni zilikuwa za mti, na moshi ulikuwa moshi. Alikuwa na fundo la leso kiunoni upande wa kushoto. Kwenye mkono wa kulia, juu ya kifundo, alikuwa na kovu lenye umbo la ncha ya pasi. Alipuliza tena mara moja, kisha akaacha, akainua macho, akamtazama Ndinda.

"Wageni wako wangependa kujua ni nani," Kang'ethe alisema.

Kalondu alishika mkoba wake kwa mikono yote miwili. Kola nyeupe ilipanda na kushuka. Musyoka aligeuza sikio, anangoja kuambiwa, na Ndinda aliona wazi kwamba likisemwa neno moja tu, mtu huyu atakuwa na mke. Utepe mweusi utaondoka mkononi. Wataketi pamoja mezani, mke na mume, na msichana wa kazi atakwisha, na mwanamke wa Mbumbuni ataitwa Mama Ndinda barabarani na kanisani. Pia aliona kwamba pasta atalazimika kuyarudisha yale maombi, na susu atavuliwa kitambaa mbele ya akina mama, na wanafunzi wenzake waliosimama karibu watauliza baba huyu ni wa namna gani, na nyumba yao ni ya namna gani. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na siku iliyofuata angevaa joho.

"Ni mfanyakazi wetu," alisema. "Wa jikoni."

"Kumbe ndiye Kalunde," Pasta Kiema alisema, akasogea. "Amepatikana kabisa. Hata kile kisigino."

Moshi ulikatika. Mwanamke wa mti aliinamisha kichwa kama alivyokuwa amechongwa. Kang'ethe alilikunja shuka, akalikunja tena, akawa analitazama.

"Nilidhani ni mtu wako," alisema.

"Hapana, mwalimu."

Chai ililetwa kwenye birika kubwa, na keki zilizokatwa vipande vyembamba. Ndinda alipopokea kikombe aliona viganja vyake vimejaa majivu. Alienda kwenye bomba akanawa kwa sabuni, akafuta kwa gazeti, akanawa tena. Majivu yalibaki. Alishika kikombe kwa kitambaa cha mkono, na mtu akimpongeza alimpa kifundo badala ya kiganja.

Wageni walilala Nairobi, joho likavaliwa siku iliyofuata na picha zikapigwa, Ndinda mikono nyuma. Kisha sanamu zikapakiwa kwenye pikapu. Ya nyanya ililazwa juu ya magunia, na ya mwanamke ikawekwa pembeni imefungwa kamba. Ile ya mwanamume haikuonekana. Pale iliposimama kulikuwa na vumbi la mbao tu, na Musyoka mwenyewe alikuwa amekwisha kupanda nyuma na pasta, koti likinukia korosho.

Kalunde alisikia pikapu inapanda kilima. Alhamisi alikuwa amepika akangoja, na hawakurudi. Akawapa mbuzi maganda, akapika tena Ijumaa. Kulikuwa na kuku, na chapati, na sufuria ya muthokoi wenye majani ya maboga. Alipovuka uwanja na jagi la maji na karai, alikuwa amevaa rinda la bluu. Kalondu aliliona.

Musyoka alikuwa amepewa kiti cha marehemu Mbuvi, chenye mikono. Kalunde alisimama mbele yake, akamtazama kwa muda, jagi limeinama kidogo bila maji kutoka. Alikuwa ameolewa na mtu huyu tangu usichana wake. Kisha akamwaga maji, na Musyoka akanawa mikono yake isiyo na mistari.

"Asante, dada," alisema.

"Ni mrefu kama mlivyosema," Kalunde alimwambia Kalondu.

Bilha alicheka. "Kwani hamjuani?"

Musyoka aliinua uso, akangoja. Kalunde pia alingoja, taulo begani. Hakumtazama mumewe tena, alimtazama Ndinda. Nje mbuzi mmoja alikuwa anakuna pembe kwenye ukuta, na watu wote walimsikiliza mpaka akamaliza.

"Anaitwa Kalunde," Ndinda alisema. "Ndiye anatupikia."

"Kalunde," Musyoka alisema, "chakula ni kitamu." Alikuwa bado hajakionja.

Pasta aliombea chakula, wakala. Musyoka aliongezwa muthokoi, akaongezwa tena, maana ilijulikana anaupenda. Ndinda alikula kwa kijiko ili mikono isionekane.

Wageni walipokuwa wanaaga, alibeba vyombo jikoni. Kalunde alikuwa amekwisha kuvua rinda la bluu na kuvaa lile la kila siku. Sanamu ya mwanamke ilikuwa humo. Sebuleni hapakuwa na nafasi, kwa vile ile ya nyanya ilichukua pembe yote ya redio, na Mbugua alikuwa ameuliza hii aiweke wapi, na Kalondu akasema jikoni. Basi ilikuwa imewekwa ng'ambo ya mafiga, uso kwa uso na mwenyewe.

"Huyu ni mimi?" Kalunde aliuliza.

"Ni wewe."

Kalunde aliupitisha mkono kwenye mgongo wa mti, akaushika mkono wa kulia, akaona kovu. Kovu hilo alilipata siku Ndinda alipokuwa anajifunza kutembea. Mtoto aliikimbilia pasi kwa mikono miwili, akicheka, na Kalunde akaweka mkono wake katikati.

"Mikono yako haijasahau kitu," Kalunde alisema.

Ndinda aliificha nyuma.

"Nimesikia ulichosema huko Nairobi. Moto ulizimika nikiupuliza, kuni zikiwa kavu, nikajua." Alichukua mwiko, akausugua kwa majivu, akaupindua. Hakuwa na hasira. Aliongea kama mtu anayepanga kazi za kesho. "Sasa sikiliza. Jina la Kalunde nimempa huyu wa mti. Ndiye mfanyakazi wenu. Mkitaka maji, mkitaka chai, mwiteni yeye. Mimi mkinitaka, wewe unajua uliniita nini kabla ya shule."

"Ninajua," Ndinda alisema.

"Basi."

Musyoka hakurudi Mombasa. Hakuna aliyesema atarudi, na kwa hiyo alibaki. Kabla ya Desemba kanisa lilimfanya mzee wa kanisa, kwa sababu alikuwa mtulivu na hakupinga lolote. Alikaa mstari wa mbele, akasoma somo alipoonyeshwa mahali pa kusoma, na utepe mweusi haukuondoka mkononi mwake. Akina mama walimsifu kwa kumkumbuka marehemu mkewe muda wote huo. Wajane wawili walianza kupita njia ya nyumba hiyo, ingawa haikuwa njia yao.

Jikoni, yule wa mti alianza kazi bila kufundishwa. Alikuwa mzito miguuni, lakini alichota maji, alipepeta mahindi, alipuliza moto. Moshi ulimfanya mweusi mpaka ule mti haukujulikana tena ni mukau. Kalunde alimfunga leso ya zamani. Waliokuja kuomba chumvi waliona wanawake wawili wameinama, wakasema Mama Musyoka amebarikiwa, siku hizi ana wasaidizi wawili.

Ndinda alipata kazi ya kufundisha sanaa katika shule ya wasichana upande wa Kitui. Aliwafundisha kuchora matunda na mitungi. Alivaa glavu nyeupe, akasema ni chaki inamdhuru.

Krismasi alikuja nyumbani. Sebule ilikuwa imejaa: Pasta Kiema, Bilha na Mbugua, wazee wa kanisa, na Musyoka kwenye kiti chenye mikono, koti likinukia. Kalondu alikuwa amevaa lile rinda la kijani, na kola ilikuwa nyeupe kama siku ile, maana jikoni bado kulikuwa na mtu anayejua kuipiga pasi.

"Nenda uwaambie walete chai," Kalondu alimwambia.

Ndinda alivuka uwanja. Alisimama kwenye mlango wa jikoni mpaka macho yakazoea giza. Aliona migongo miwili upande huu na upande ule wa mafiga, leso mbili, visigino vyenye nyufa zile zile. Yeye ndiye aliyezichonga za mmoja, kwa patasi ndogo, usiku na mchana, akizijua kwa moyo. Alitafuta kujua ni yupi na hakuweza. Wote wawili walikuwa wanapuliza.

Alivua glavu moja. Lile neno lilikuwa tayari mdomoni, fupi, halina uzito wowote. Nyuma yake, kutoka sebuleni, alimsikia Musyoka akilisema kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Mwaitu, redio inaweza kuongezwa kidogo?" na Kalondu akimjibu, "Ongeza tu, mwanangu." Watu wakacheka kwa jambo jingine. Bilha alitokeza kichwa dirishani kuona kama chai inakuja.

"Kalunde," Ndinda alisema.

Aliyegeuka ni yule wa mti.

Yule mwingine hakuinua kichwa. Alisukuma ukuni ndani, akajaza mashavu, akapuliza, na moto ukashika vizuri.

Ndinda alimwambia yule aliyegeuka kwamba wageni wanataka chai, akavaa glavu, akarudi kukaa. Chai ikaja kwenye birika la maua, ikiwa moto, na sukari ya kutosha. Wageni wakaisifu. Baadaye, vikombe vilipokusanywa, kimoja kilikuwa na alama za vidole vya majivu, ingawa aliyekinywea alikuwa amevaa glavu. Kalondu alikipangusa kwa pindo la rinda lake, akakiweka pamoja na vingine.